Mto Sibiti na midomo ya ndege

Ukionekana Singida mjini na darubini shingoni, utaulizwa tu. Mimi huulizwa na vijana wa bodaboda wanaoegesha karibu na Ziwa Singidani wakisubiri abiria: "Mzee, wale heroe wamekwenda wapi?" Juzijuzi upande mzima wa ziwa ulikuwa na rangi ya waridi, leo limebaki tope la kijivu na yangeyange wawili wanaotembea kama watu waliopoteza shilingi. Kijana mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba heroe huenda Kenya kwa sababu huko ndiko wanakopigwa picha sana. Tulicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Heroe mmoja anaweza kuonekana Singidani mwezi huu, Natron mwezi ujao na Bogoria mwisho wa mwaka, na hana ziwa analoliita kwao.

Jibu kamili la swali la kijana yule ni gumu kulitoa ukiwa umesimama Singidani. Inabidi nikualike kambini, kaskazini mwa mkoa, kando ya Mto Sibiti, pale Wilaya ya Mkalama inapotazamana na Meatu ya Simiyu.

Sibiti ni mto usiokwenda baharini. Maji yake huanza kama mvua ya kawaida katika uwanda wa Wembere, ule uwanda mpana unaouona chini basi linapoteremka Mlima Sekenke kuelekea Nzega. (Sekenke hiyo hiyo ndiko ilikogunduliwa dhahabu mwaka 1907, na dhahabu yake ndiyo iliyogongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita. Abiria wengi wakipita pale hufikiria kona tu, wala siwalaumu.) Mito ya Wembere na Manonga huyakusanya maji hayo na kuyaingiza Ziwa Kitangiri, ziwa pana lenye kina kifupi. Kitangiri likijaa humwaga kaskazini, na huo mmwagiko ndio Sibiti. Sibiti nao huyafikisha Ziwa Eyasi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na hapo safari huisha. Hakuna mto unaotoka Eyasi. Maji yaliyoingia yana njia moja tu ya kutokea, nayo ni kupanda juu kama mvuke. Chumvi na magadi yaliyochotwa kwenye miamba na udongo njiani hayapandi. Hubaki pale, mwaka baada ya mwaka, hadi kingo za ziwa zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga.

Kwa hiyo ndani ya mto mmoja maji huanza yakiwa ya kunywesha ng'ombe na kuishia yakiwa ya kuwasha ngozi. Samaki wa maji baridi huishi mwanzoni mwa njia hiyo. Konokono na vyura hukaa kwenye majani ya mafuriko. Mwishoni kabisa, kwenye magadi makali, hubaki mwani na vijidudu vichache. Na kila chakula kati ya hivyo kina ndege wake, mwenye mdomo uliotengenezwa kwa kazi hiyo na si nyingine. Ndiyo maana mtu anayeanza kutazama ndege kando ya Sibiti namshauri asianze na majina. Kitabu wanachobeba wengi wetu, Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kina aina zaidi ya 1,300. Ukianza kukipekua ukiwa kwenye tope, utakata tamaa kabla chai haijachemka. Anza na mdomo. Mdomo utakwambia anakula nini, na chakula kitakwambia umesimama kwenye maji ya namna gani.

Kufika kwenyewe si kugumu kama zamani. Barabara ya Ulemo, Gumanga hadi Sibiti ni ya vumbi, na daraja la zege la Sibiti limeondoa ile adha ya msafiri wa Meatu kuzunguka mbali mto unapofurika. Ugumu uko kwenye udongo. Ukiacha tuta la barabara unaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao Wasukuma wa ng'ambo huuita mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu. Ukilowa hugeuka gundi. Mwaka mmoja, mwezi Machi, nilikaa saa sita nikichimbua magurudumu kwa jembe la kuazima, na waliokuja kuniokoa walikuwa vijana wanne na fahali wawili. Tangu siku hiyo gari langu hulala barabarani na mimi hutembea.

Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mafuriko ya Wembere huchelewa kidogo nyuma ya mvua, kwa kuwa maji hutembea polepole kwenye uwanda usio na mteremko. Mwenye nia ya kuona ndege wa majini wakijenga viota aende kuanzia Machi hadi Mei, akijua kwamba atateseka njiani. Mwenye familia, au mwenye mgongo kama wangu, aende Juni hadi Septemba. Nyasi zimelala, mbu wamepungua, na kwa kuwa madimbwi ya pembeni yamekauka, ndege wote wanajazana kwenye maji machache yaliyobaki.

Kabla ya kupiga hema, pita kwa mtendaji wa kijiji. Si suala la adabu tu, ingawa ni adabu pia. Mtendaji ndiye atakayekwambia mamba ameonekana wapi wiki hii na ng'ombe wananyweshwa wapi, na ndiye atakayekupa kijana wa kukusindikiza. Mlipe kijana huyo vizuri. Anaijua sauti ya kila ndege wa pale, hata kama jina alilonalo ni la Kinyiramba au Kinyisanzu na halimo katika kitabu chochote cha dukani.

Hema usiliweke ukingoni hata kama mandhari yanakubembeleza. Chukulia kwamba mto wowote wa ukanda huu una mamba na kiboko mpaka wenyeji wakuhakikishie vinginevyo. Kiboko hutoka majini giza likiingia, akaenda malishoni, akarudi alfajiri kwa njia ile ile aliyopita jana. Njia yake haifanani na ya ng'ombe: ni mifereji miwili sambamba yenye tuta la nyasi katikati, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana. Vichaka vya pembeni huwa vimepakwa kinyesi, maana hukitawanya kwa mkia. Ukiona dalili hizo sogea mbali, mita mia au zaidi, na usisimame kati yake na maji. Usilale pia kwenye korongo kavu lenye mchanga laini, japo linaonekana kama godoro. Mvua inaweza kunyesha milimani ambako huioni, maji yakakukuta usingizini.

Maji ya kunywa beba mwenyewe. Visima vingi vya Singida vina madini ya floridi kwa wingi, na kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo, huzidi kuyakoleza. Kwa siku tatu mimi hukadiria lita tano kwa mtu mmoja kila siku, na hurudi na kidogo tu.

Sasa amka. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla jua halijachomoza, sogeza kigoda chako kwenye kivuli cha mgunga ukiwa na kikombe mkononi, na ukae. Watu hudhani kutazama ndege ni kutembea. Ni kukaa. Ukikaa dakika ishirini bila kuinuka, ndege huacha kukuhesabu.

Wa kwanza kukuonyesha mdomo wake huenda akawa korongo mweusi anayeonekana kama mwenye hitilafu. Akifunga mdomo haufungiki. Katikati hubaki uwazi ambao unaona mwanga ukipita. Ndiye korongo domo-wazi. Si hitilafu hata kidogo. Anakula konokono wa majini, na ule uwazi humsaidia kumshika konokono huku ncha ya mdomo wa chini ikipenya kwenye gamba na kukata msuli. Hupati hata kipande cha gamba lililovunjika. Watoto wake huanguliwa na mdomo ulionyooka. Uwazi hujitokeza wanavyokua. Ukiwaona korongo hawa kwa mamia, jua kwamba mafuriko yalikaa muda wa kutosha konokono wakazaana, na kwamba hayo ni maji baridi.

Pembeni yake atakuwepo domokijiko akifyeka maji kushoto na kulia kama mtu anayepepeta mchele. Haoni anachokamata, kwani maji ni tope. Ncha pana ya mdomo ina hisi kali, ikiguswa na kidagaa hufunga. Kwarara mwenye mdomo uliopinda kama mundu huchoma topeni. Yangeyange hutikisa mguu mmoja kuwatoa wadudu mafichoni. Sile-maua hutembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole virefu visivyo na kiasi, na kama umemkuta na mayai, anayeyaatamia ni dume: jike huwa na waume kadhaa, akishataga humwachia baba kazi na kwenda kwa mwingine. Nimewahi kulieleza hilo mbele ya wazee wa kijiji. Mabishano yaliendelea mpaka ugali ukapoa.

Mwari ni habari tofauti. Akija mwari mweupe, atakuja na wenzake, na wataogelea nusu duara wakiwasukuma samaki kwenye kina kifupi, kisha wote wazamishe vichwa mara moja kama wamepigiwa filimbi. Mwari wa mgongo wa waridi, aliye mdogo zaidi, huvua peke yake. Hao wote wanahitaji samaki wa kutosha, na hapo ndipo Sibiti unapokuwa na maana zaidi ya mandhari. Mvua zikiwa nzuri, samaki wa juu hushuka na maji mpaka Eyasi, na ziwa lile la magadi hupata kambale na kamongo, na wavuvi nao hufuata. Kuna perege mmoja, Oreochromis amphimelas kwa jina la kitaalamu, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika maziwa ya Tanzania ambayo maji yake hayafiki baharini: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani na mengine machache. Anastahimili magadi ambayo yangemuua sato wa Victoria. Mvua zikikatika, Eyasi hunywea, samaki hufa, na mwari huondoka siku chache baadaye bila kumuaga mtu.

Heroe huanzia pale mwari anaposhindwa.

Tunao wa aina mbili. Heroe mkubwa ni mrefu, mweupe, mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi, naye huchuja vijidudu na lava kutoka kwenye tope la chini. Heroe mdogo ni wa waridi zaidi, mdomo wake ni mwekundu uliokolea karibu na weusi, na chakula chake kikubwa ni mwani mdogo wa rangi ya kijani-buluu, ule ambao watu wa mijini siku hizi hununua kwenye vikopo kwa jina la spirulina. Huinamisha kichwa mpaka mdomo unakaa juu chini ndani ya maji, ulimi ukifanya kazi ya pampu, na vichujio vyembamba kama nywele vikibakiza mwani na kutema maji. Kwa siku anahitaji gramu 60 hivi za mwani, ukipimwa ukiwa mkavu. Rangi yake yenyewe imetoka kwenye chakula hicho. Kifaranga huanguliwa akiwa wa kijivu.

Mwani huo una masharti. Unataka maji ya magadi, lakini si makali kupita kiasi. Unataka jua, na maji yasiwe na kina kirefu. Mvua ikizidi, ziwa huwa jepesi na mwani hupotea. Ndivyo ilivyotokea Ziwa Nakuru kuanzia mwaka 2010, maji yalipopanda mfululizo na heroe waliolipa sifa duniani wakatawanyika. Ukame nao ukizidi, ziwa hukauka, mwani ukafa kwa njia ya pili. Singidani na jirani yake Kindai ni madogo na hayana mto wa kutokea, kwa hiyo hubadilika haraka kuliko maziwa makubwa. Mwezi mmoja yana chakula, mwezi unaofuata hayana. Heroe hawana haja ya kungoja. Afrika Mashariki ina heroe wadogo wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, na wote wanalitumia Bonde la Ufa kama mtu anayezunguka magenge ya sokoni: hapa nyanya zimeisha, basi pale. Eyasi ni genge moja. Manyara, Natron na Bogoria ni mengine. Kuzaliana tu ndiko kwenye mahali pa kudumu, nako ni Natron, ambako magadi makali na matope huwazuia fisi na mbweha kufika kwenye viota.

Kwa hiyo ukimtafuta heroe, usitegemee kumwona kwenye Sibiti ya juu. Kijana wa bodaboda akipanda gari akafika Kitangiri atasema nilimdanganya. Inabidi ashuke na mto, hatua kwa hatua, akiangalia domo-wazi wanapungua, mwari wanapungua, nyasi za maji zinaisha, chumvi inaanza kung'aa kwenye kingo. Hata mlango wa mto una siri yake. Heroe ana tezi za kutolea chumvi karibu na macho, lakini bado hupenda kunywa na kuoga maji baridi, na penye mto unaoingia ziwa la magadi ndipo hukusanyika kuosha manyoya.

Saa tatu asubuhi joto linaanza na ndege wa majini wanapoa. Wakati huo geukia migunga iliyo nyuma ya hema, kwa sababu nyika ya huku ina ndege ambao wageni husafiri kutoka Uholanzi na Marekani kuja kuwaona, na wenyeji huwapita bila kugeuka. Kwezi kijivu, mwenye mkia mrefu na jicho la njano iliyopauka, hayuko nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Mnana mkubwa mwenye mkia wa kahawia-nyekundu, anayetembea chini kama kuku na kupiga kelele siku nzima, ni wa kaskazini mwa Tanzania na pembe ndogo ya Kenya. Yupo pia kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Huyu alipewa jina la Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani, na Anton Reichenow akamwandika kitaalamu mwaka 1887. Miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa kwa wingi mno kwenda kufugwa kwenye vizimba vya ughaibuni, mpaka biashara hiyo ikasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo wako wengi katika vyumba vya watu Ulaya, na bado kundi la ishirini likipita juu ya kambi likipiga mluzi hunisimamisha na sufuria mkononi.

Novemba, mvua za kwanza zikianza, huja wageni wengine. Korongo wa Abdim hushuka kutoka ukanda wa Saheli kwa makundi, wakifuata panzi na viwavi. Korongo weupe huja kutoka Ulaya. Mmoja wa jamaa zao alifanya kazi kubwa kuliko mtaalamu yeyote: mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki mrefu wa Kiafrika uliopita shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka Afrika hadi kwao. Wakati huo bado wapo waliodhani ndege wa Ulaya hulala chini ya maziwa majira ya baridi. Korongo yule, mkuki wake ukiwa shingoni, bado yuko katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Rostock.

Sijamgusa kwelea kwelea, na mtu wa Singida hatanisamehe nikimruka. Wembere ni moja ya sehemu anazopenda kuzalia, kwenye migunga yenye miiba iliyozungukwa na nyasi za mbegu. Ni ndege mdogo wa gramu kati ya 15 na 20, dume akiwa na mdomo mwekundu. Mmoja peke yake hana neno. Lakini huja kwa malaki na mamilioni, na kundi likiinuka jioni unaweza kudhani ni moshi wa moto wa nyika, mpaka moshi wenyewe ukate kona. Fanya hesabu: kila mmoja hula gramu 10 hivi za mbegu kwa siku, basi milioni moja huondoka na tani 10. Mtama na uwele wa Iramba, Mkalama na Manyoni unapokaribia kukomaa, familia nzima huhamia shambani kuamia, watoto juu ya dungu na teo mikononi, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Mtoto anayeamia haendi shule. Usimwambie mama wa mtoto huyo kwamba ndege ni urembo wa nchi.

Serikali hutuma ndege ya kunyunyizia fenthioni kwenye malalo yao usiku ukikaribia. Inaua, na inaua kwa wingi, lakini haichagui: mwewe, kipanga na bundi wanaowaokota kwelea waliolegea hufa nao. Kondoa, mkoa jirani wa Dodoma, watu wana njia ya zamani ya kuwanasa kwa mitego ya vikapu na kuwala, na wapo watafiti waliopendekeza kuwa utaratibu huo uendelezwe badala ya sumu. Mimi niko upande wao. Kwelea aliyekaangwa ana nyama kidogo, lakini ni nyama, na hamwachii bundi deni. Najua pia kwamba mitego haiwezi kumaliza kundi la milioni tano kwa wiki moja, na mkulima mwenye ekari tatu za mtama hana wiki mbili za kusubiri.

Mchana, ukiwa umelala kivulini, unaweza kusikia sauti kavu ya kukereza ikikusogelea, kama mtu anayetikisa kiberiti. Ni mlembe, ndege wa kahawia asiye na sura yoyote ya kukumbukwa. Huyu hakukimbii, anakufuata. Anataka umfuate yeye hadi kwenye mzinga wa nyuki mwitu, ufukize, upasue mti, uchukue asali na kumwachia nta, kwa kuwa ni mmoja wa ndege wachache wanaoweza kuila nta na kuimeng'enya. Upande wa Eyasi, pamoja na vijiji kama Munguli katika Mkalama, Wahadzabe humwita kwa mluzi maalumu. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha majaribio waliyofanya na vipaza sauti: walembe wa vilima vya Kidero, karibu na Eyasi, waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji, na kule Niassa ikawa kinyume chake, waliitikia zaidi mwito wa Wayao. Kwa maneno mengine, ndege mwitu amejifunza lugha ya watu wa mahali pake. Jambo moja huipunguzia utamu hadithi hiyo: Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuifukia nta iliyobaki, ili mlembe abaki na njaa na awe tayari kuongoza tena. Ukitaka kuiona safari ya asali kwa macho yako, mwombe mwenyeji akupeleke kwa ridhaa ya wenyewe na kwa malipo wanayoyataka wao, na kamera ibaki mfukoni hadi uambiwe.

Weka daftari. Tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi, anafanya nini. Inatosha. Neil na Liz Baker, walioanzisha mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania miaka ya 1980, wameijenga ramani ya ndege wa nchi hii kwa maandishi ya namna hiyo ya watu wengi, na katika kitabu chao cha mwaka 2002 kuhusu maeneo muhimu ya ndege Tanzania, Wembere, Kitangiri, Eyasi na maziwa ya Singida yote yamo. Mtu wa Nduguti, huku Mkalama, anayeandika kila Jumamosi kwa mwaka mmoja atajua mambo ya Sibiti kuliko mgeni mwenye lenzi ya milioni kumi.

Jioni moto uwe mdogo, wa kuni zilizokwisha kuanguka zenyewe. Giza likiingia chekeamwezi huanza kulia kando ya maji, sauti inayopanda na kushuka kama mtoto aliyenyimwa kitu. Ukimulika barabarani utaona macho mekundu yamelala chini. Ni kirukanjia, na ukizima taa atarudi kuwinda nondo. Kiboko atacheka mbali. Usitoke hemani bila taa, na vaa viatu baada ya kuvikung'uta.

Safari yangu ya mwisho, usiku wa pili, nilikuwa bado sijalala. Upepo ulikuwa umekata. Kutoka kusini ilikuja sauti kama ya mabata bukini wanaozungumza chini chini, ikapita juu ya hema, ikaendelea upande wa Eyasi, ikachukua muda mrefu kuisha. Heroe hupenda kuhama usiku, hewa ikiwa baridi na tai wakiwa wamelala. Niliwasha taa ya kichwa nikaandika: saa tano na nusu usiku, kuelekea kaskazini.

Niliporudi mjini yule kijana alikuwa pale pale, amekaa juu ya pikipiki yake. Nikamsomea mstari ule wa daftari.

"Walikuwa wangapi, mzee?"

"Sikuwaona," nikamwambia. "Niliwasikia tu."